Mali Bila Daftari: Ushuhuda wa Fundi wa Mifumo ya Hospitali

Katika hospitali za watu binafsi ninazozihudumia kuanzia Kitengela hadi Kajiado mjini, mimi ni “mtu wa IT”. Printa ikigoma naitwa, kamera ya langoni ikizimika naitwa, na televisheni ya chumba cha kusubiria ikikosa picha naitwa vilevile. Kazi inayonipa riziki hasa ni nyingine, na wagonjwa hawana habari nayo: kuzifanya mashine za hospitali zisikilizane. Mgonjwa akitolewa damu, mashine ya maabara inatoa matokeo kwa lugha yake. Programu ya rekodi za wagonjwa inaelewa lugha nyingine, dirisha la malipo lina yake, na bima inataka fomu yake. Katikati yao hukaa programu moja inayopokea ujumbe huku, ikaugeuza, ikaupeleka kule. Nataka kushuhudia habari za programu hiyo ya katikati, kwa sababu mwaka 2023 ilipatikana na udhaifu mbaya sana, na nilipokuwa nikiuziba hospitali baada ya hospitali niligundua kwamba tatizo letu lilikuwa limeanza zamani, kabla udhaifu wenyewe haujajulikana.

Ujumbe unaopita humo ni wa kawaida kuliko watu wanavyodhani. Hospitali nyingi duniani hutumia kanuni ya HL7, iliyoanza kutungwa Marekani mwaka 1987. Ni mistari ya maandishi iliyokatwakatwa kwa vijiti vilivyosimama wima. Mstari unaoanza na PID unamtaja mgonjwa, unaoanza na OBR unataja kipimo kilichoagizwa, na unaoanza na OBX unabeba jibu. Ukiuzoea unausoma kwa macho, ukajua kwamba mama fulani amepungukiwa na damu kabla daktari wake hajafungua kompyuta. Programu ya katikati inayotumika sana kwa kazi hii inaitwa Mirth Connect. Ilianzia California mwaka 2006 ikiwa programu huria, ikaja kuwa mali ya kampuni ya NextGen Healthcare, na kwa miaka mingi yeyote aliweza kuipakua bure, akaiweka kwenye kompyuta ya kawaida na kuanza kazi siku hiyohiyo. Kwa hospitali ya vitanda vichache inayohesabu kila shilingi, ilikuwa vigumu kupata kitu cha kuishinda.

Na hospitali za namna hiyo Kitengela zimejaa. Wazee wanaikumbuka Noonkopir, kituo kidogo cha biashara katikati ya malisho ya Wamaasai. Viwanda vya mauzo ya nje vilipoanza Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi walitafuta nyumba za bei nafuu, wenye ploti wakajenga maghorofa, na sensa ya 2019 ikaukuta mji una watu 154,436 katika kaunti ya watu 1,117,840. Watu wakija, zahanati huwafuata. Zahanati ikipata wateja huongeza maabara, kisha wodi ya uzazi, kisha chumba cha upasuaji. Kila hatua huleta mashine mpya, kila mashine huletwa na muuzaji wake, na kila muuzaji huja na kijana wa kuiunganisha. Kijana anamaliza, anapewa chai, anarudi Nairobi. Alichokiacha nyuma ndicho ninachokikuta mimi.

Oktoba 2023 mambo mawili yalikutana. Tarehe 19, Rais William Ruto alitia saini sheria nne za afya, mojawapo Sheria ya Afya ya Kidijitali, na nyingine ile ya Bima ya Afya ya Jamii iliyokuja kuiondoa bima ya zamani ya NHIF na kuleta mamlaka mpya ya SHA kuanzia Oktoba 1, 2024. Wenye hospitali walielewa kwamba wanatakiwa kuunganisha mifumo yao. Siku chache baadaye, watafiti wa kampuni ya Horizon3.ai ya Marekani wakatangaza kwamba matoleo ya Mirth Connect yaliyotangulia 4.4.1 yana udhaifu unaomwezesha mtu asiye na nywila kuendesha amri zozote atakazo kwenye kompyuta iliyobeba programu hiyo, mradi aweze kuifikia kwa mtandao. Udhaifu huo ulipewa namba CVE-2023-43208 na alama ya hatari 9.8 kati ya 10. Basi mwezi tulioambiwa tuunganishe ndio mwezi tulioarifiwa kwamba kiunganishi chenyewe hakina komeo.

Niueleze udhaifu huo, maana wengi wakisikia “tumedukuliwa” hudhani mtu alikisia nywila ya karani. Mirth Connect ina sehemu ya usimamizi inayopokea maagizo kwa maandishi ya XML. Programu imeandikwa kwa Java, na ndani yake hutumia maktaba iitwayo XStream, ambayo kazi yake ni kuyasoma maandishi hayo na kuyajenga yawe kitu kamili ndani ya kompyuta, tayari kutumika. Kumbe vipo vitu ambavyo kule kujengwa tu kunatosha kuamsha amri. Hitilafu ilikuwa katika utaratibu: programu ilijenga kwanza, ndipo ikauliza aliyeleta maandishi ni nani. Mfikirie soja wa geti katika maghorofa yetu. Mgeni anafika na kifurushi, soja anakipokea, anakifungua, anapanga vilivyomo sebuleni kwa watu, halafu ndipo anauliza, “Na wewe unaenda kwa nani?” Mgeni akikosa jibu atafukuzwa, lakini mzigo wake umeshaingia.

Kilichonifunza zaidi ni historia ya kiraka. Udhaifu huu ulikuwa umetangazwa mara moja kabla, mwaka huohuo, kwa namba CVE-2023-37679, na toleo 4.4.0 likatolewa kuuziba. Kiraka hicho kilikuwa orodha ya vitu vilivyokatazwa. Yaani soja alipewa majina ya wezi wanaojulikana. Watafiti walipoipitia orodha wakapata mwizi ambaye jina lake halimo, wakapita naye. Tena ilikuwa imesemwa kwamba walio hatarini ni wanaotumia Java 8 peke yao. Wao wakaonyesha kwamba wenye Java mpya zaidi nao wamo. Toleo 4.4.1 ndilo lililogeuza utaratibu: soja sasa ana orodha ya wapangaji, na asiyekuwemo hapiti. Kwa hiyo fundi aliyesasisha hadi 4.4.0 akaenda kulala alikuwa bado yuko wazi. Tangu siku hizo, nikimwuliza mwenzangu “Umeziba?” akanijibu ndiyo, namwomba namba ya toleo.

Kusasisha kwenyewe hakunishindi. Kazi ni kujua cha kusasisha kiko wapi. Niliwapigia simu mameneja wa hospitali nikiwauliza kama wana Mirth Connect. “Hiyo ni dawa ama ni mashine?” mmoja aliniuliza, na hakuwa anatania. Ikanibidi niende mwenyewe nifuate nyaya. Katika hospitali moja kando ya barabara ya Namanga niliikuta kwenye kompyuta ya mezani nyuma ya friji ya vitendanishi, haina skrini, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa wino mnene: USIZIME. Hakuna aliyejua nani aliiandika. Mtaalamu wa maabara aliniambia aliikuta hapo alipoajiriwa. “Stima ikirudi tunaiwasha hii kwanza,” alisema, “bila hiyo matokeo hayafiki kwa daktari.” Nikamwuliza huhudumiwa na nani. Akaangalia mlangoni kana kwamba mtu huyo angeingia wakati wowote.

Nilipoiunganisha na skrini nikaona mengine. Ilikuwa Windows, na Mirth Connect ilikuwa ikiendeshwa kwa mamlaka ya mfumo wenyewe, juu ya mamlaka ya mtumiaji yeyote. Watafiti walisema hali hiyo ndiyo ya kawaida kwenye Windows. Toleo lilikuwa la familia ya 3, na utafiti ulikuwa umeonyesha kwamba matoleo ya miaka mingi nyuma nayo yana udhaifu uleule. Ruta ilikuwa imeachiwa poti, yaani mlango wa mtandao, wazi ili fundi wa muuzaji aweze kuingia akiwa ofisini kwake Nairobi, asihangaike na msongamano wa Mlolongo. Tena programu hiyo humjibu yeyote anayeiuliza toleo lake, bila kumdai nywila.

Daktari mwenye hospitali alinicheka nilipomweleza. “Kijana wangu, nani huko Urusi anaijua Kitengela?”

“Daktari,” nikamwambia, “hahitaji kuijua.” Programu za upekuzi hupita anwani za intaneti moja baada ya nyingine, zinabisha, zinauliza toleo, zinaandika jibu na kusonga mbele. Watafiti wenyewe walihesabu zaidi ya seva 1,200 za Mirth Connect zilizokuwa zikionekana kwenye intaneti duniani. Aliye na orodha kama hiyo huanza na yule ambaye mlango wake ni mwepesi, awe London au awe Isinya.

Nilijiuliza kitu cha muhimu namna hii kilisahaulikaje, na jibu nikalipata katika ofisi ya mhasibu. Hospitali hukumbuka kitu kwa bili yake. Jenereta inakumbukwa kwa dizeli, mashine ya X-ray kwa mkataba wa matengenezo, intaneti kwa malipo ya kila mwezi, maji kwa lori linalopiga honi getini. Mirth Connect haikuwahi kuleta ankara. Iliingia bure, pamoja na mashine ya maabara, haikuandikwa kwenye rejista ya mali, haikuwa na tarehe ya kuhuisha leseni, na aliyeiweka alihama kazi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii haikuwa imepotea; ilichapa kazi usiku na mchana. Lakini ukiuliza hospitali ina mali gani, yenyewe haikuwemo, na kisichokuwemo hakuna anayekumbuka kukisasisha.

Kitu cha kwanza nilichofanya kila mahali ni kufunga poti kwenye ruta. Kusasisha kunaweza kungoja hadi usiku; poti haingoji. Asubuhi iliyofuata simu zilianza: fundi wa muuzaji hawezi kuingia. Nikamweleza kila mmoja kwamba atapewa njia ya faragha ya VPN yenye nywila yake mwenyewe, na akimaliza itafungwa. Mmoja alilalamika kwamba namharibia kazi. Mwingine alishukuru, akaniomba nimwonyeshe jinsi ya kufanya hivyo kwa wateja wake wengine.

Baada ya hapo nikaja kwenye jambo ambalo watu hulisahau wakishafunga mlango wa nje. Katika zahanati nyingi, wifi ya chumba cha kusubiria na mtandao wa maabara ni kitu kimoja. Nywila imebandikwa ukutani karibu na kaunta ili wagonjwa wasichoke kungoja. Mtu aliyeketi kwenye benchi na kompyuta yake mapajani angeweza kuifikia ile mashine ya nyuma ya friji bila kupita intaneti ya nje kabisa. Nilitenganisha mitandao: wageni kwao, ofisi kwao, mashine za maabara kwao, na kiunganishi kikaruhusiwa kuzungumza na vifaa vile tu vinavyokihusu. Ruta nyingi zilizopo zinaweza kufanya hivyo bila kununua kitu kipya. Kilichohitajika ni mtu wa kukaa chini na kuandika nani anazungumza na nani, na kwa sababu gani.

Kisha likabaki swali gumu: je, kuna mtu aliyekwisha kuingia? Huduma ya Mirth Connect kazi yake ni kupokea na kupeleka ujumbe. Ikionekana kwamba ilifungua dirisha la amri la Windows na kuanza kuendesha mambo mengine, hapo pana shaka kubwa. Niliangalia akaunti za watumiaji zisizo na mwenyewe, kazi zilizopangwa kujiendesha zenyewe saa ambazo hakuna mtu kazini, na mawasiliano ya kwenda nje kwa anwani ambazo hospitali haina biashara nazo. Katika hospitali kadhaa nilitosheka kwamba pako salama. Katika moja, ile ya friji, sikuweza kutosheka, kwa sababu kumbukumbu za mfumo hujifuta zikijaa, na zilizobaki hazikufika mbali nyuma.

Ripoti yangu ilisema: sikuona dalili ya kuingiliwa katika kumbukumbu zilizopo, na kumbukumbu za nyuma zaidi hazipo. Daktari alitaka niandike tu kwamba hakuna aliyeingia. Nilikataa. Kutoona alama ni jambo moja na kuwa na hakika ni jambo jingine, na siku mwanasheria akiisoma karatasi ile, tofauti hiyo ndiyo itakayotulinda sote wawili. Tulivutana kidogo. Tarehe 20 Mei 2024, shirika la usalama wa mtandao la Marekani, CISA, likauingiza udhaifu huu katika orodha yake ya udhaifu unaotumiwa na wadukuzi kwa vitendo, na kuzipa idara za serikali ya shirikisho hadi Juni 10 kuuziba. Nilimpelekea Daktari habari hiyo kwa WhatsApp. Hakurudia tena habari ya Urusi.

Mintarafu ya sheria, hapa Kenya hatuko gizani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Mtu asiyeruhusiwa akizifikia, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wenye habari hizo, hospitali inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ijue. Anayechakata data kwa niaba ya hospitali naye anatakiwa kuiarifu hospitali bila kukawia, ndani ya saa 48 inapowezekana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 nayo inadai shambulizi liripotiwe kwa kamati ya kitaifa ndani ya saa 24. Saa hizo zote zinakwenda kwa kudhani kwamba yupo mtu wa kujua. Fundi wa Nairobi mwenye poti yake wazi ni mchakataji wa data, ama ni mgeni tu? Nilipoomba kuuona mkataba wake nikaonyeshwa risiti ya kununulia mashine.

Usiku wa kusasisha una mambo yake. Unangoja foleni ya jioni iishe, unawajulisha wa zamu kwamba kwa muda matokeo yatabebwa kwa karatasi, na unamwomba Mungu wodi ya uzazi itulie. Unanakili mipangilio yote na hifadhidata, unaweka nakala mahali pengine, na unajaribu kwanza kwenye kompyuta ya pembeni. Toleo jipya linapowashwa mara ya kwanza hupanga upya hifadhidata yake, na stima ikikatika katikati ya shughuli hiyo unaweza kubaki na mfumo ambao si wa zamani wala si mpya. Kwa wanaoishi Kitengela sihitaji kueleza zaidi. Betri ya akiba, UPS, niliibeba mwenyewe, na jenereta nilihakikisha imewashwa na inanguruma kabla sijagusa chochote.

Kisha unapima. Nilitunga mgonjwa asiyekuwepo nikamtuma toka mashine hadi skrini ya daktari, nikalinganisha namba kwa namba na karatasi iliyochapwa na mashine yenyewe. Himoglobini ya 8.1 kwa kipimo cha gramu kwa desilita ndiyo 81 kwa gramu kwa lita. Kipimo kikibadilika njiani na namba ikabaki ileile, daktari anaweza kumwongeza damu asiyehitaji au kumwacha anayehitaji. Mtaalamu wa maabara alikaa nami hadi mwisho. Yeye ndiye aliyegundua kwamba kipimo kimoja cha mkojo kilikuwa hakivuki tena, kwa kuwa kilitegemea kijiprogramu alichokiandika yule kijana wa zamani kwa namna isiyokubaliwa na toleo jipya. Tukakiandika upya tukiwa pamoja.

Mfano huo wa himoglobini ndio niliokuja kuutumia kueleza hatari kwa wenye hospitali, kwa maana wao hufikiria wizi wa data peke yake. Anayeitawala programu ya katikati anaweza kufanya mambo matatu. Anaweza kusoma kila kinachopita: majina, namba za vitambulisho, majibu ya virusi. Anaweza kuchukua nywila za hifadhidata na mifumo mingine, maana kiunganishi lazima kiwe nazo ili kifanye kazi, na kwa nywila hizo akaingia kila chumba. Na anaweza kubadilisha jibu likiwa njiani, mashine ikasema hivi na skrini ikasema vile, bila apimaye wala asomaye kujua. Jambo la tatu ndilo linaloninyima usingizi. Shambulizi la Julai 2023 lililoulemaza mtandao wa huduma za serikali wa eCitizen lilipiga kelele nchi nzima. Watu walishindwa kupata huduma na kila mtu akajua. Aliyejificha kwenye kiunganishi hana haja ya kuzima kitu.

Maabara kuzimwa nako tumeshaona kunavyokuwa. Juni 2024, siku chache baada ya muda wa CISA kwisha, Huduma ya Kitaifa ya Maabara ya Afrika Kusini, inayohudumia hospitali za umma, ilivamiwa na wahalifu wanaodai fidia. Sehemu za mifumo zilifutwa pamoja na nakala za akiba. Maabara ziliendelea kupima, lakini matokeo hayakuweza kwenda yenyewe kwa madaktari, na ya dharura yakawa yanatolewa kwa simu. Mwanzoni mwa mwezi huohuo, kampuni ya maabara ya Synnovis huko London ilipigwa vivyo hivyo. Hospitali zikaahirisha upasuaji na wenye damu ya kundi O wakaombwa wajitokeze, kwa kuwa kulinganisha damu haraka kulikuwa kumekwama. Sisemi kwamba huko wahalifu walipitia Mirth Connect. Nasema nchi zenye wataalamu wengi kuliko kaunti yetu zilionja ladha ya maabara isiyoweza kuzungumza na wodi.

Sasa limeongezeka jambo jingine. Mwaka 2025 Mirth Connect iliacha kuwa huria: kuanzia toleo 4.6 inatolewa kwa leseni ya kulipia, na la mwisho la bure ni 4.5.2. Baadhi ya watumiaji walichukua msimbo wa bure na kuanzisha mradi wao, Open Integration Engine, ili kuuendeleza. Simlaumu mtu, kazi ya kutunza programu ina gharama. Lakini hospitali iliyo kwenye 4.5.2 leo, na haijui kwamba iko hapo, imesimama mahali ambapo udhaifu utakaogunduliwa kesho hautapata kiraka cha bure kutoka kwa mwenyewe. Ni lazima ichague: ilipie, ihamie kwenye mradi wa jamii, au itafute kiunganishi kingine. Kila njia ina bei yake na inaweza kupangwa katika bajeti. Kutochagua nako kuna bei, ila hiyo haiandikwi mapema.

Ndiyo maana kazi yangu siku hizi huanzia kwenye karatasi. Kila hospitali ninayoihudumia sasa ina ukurasa mmoja wa kiunganishi: kompyuta iko chumba gani, inabeba programu ipi na toleo gani, imesasishwa lini, inazungumza na mashine zipi, nani anaruhusiwa kuingia kutoka nje na kwa njia ipi, nakala ya akiba iko wapi, na jina la mfanyakazi wa hospitali anayewajibika. Nasisitiza awe mfanyakazi wa hospitali. Mimi ni mtu wa kuitwa. Naweza kuhama, naweza kuugua, naweza kupata kazi Mombasa. Katika hospitali ya ile friji aliyekubali jina lake liandikwe ni yule mtaalamu wa maabara, na Daktari akamwongezea posho ndogo kwa jukumu hilo. Tulibandua karatasi ya USIZIME tukabandika nyingine yenye toleo, tarehe na namba yake ya simu.

Ukipita katika hospitali yoyote ya Kitengela utaona leseni ya Baraza la Madaktari ukutani, cheti cha mashine ya X-ray, na kikaratasi cha tarehe kwenye mtungi wa kuzimia moto. Wakaguzi huja wakaviuliza, na kwa sababu huuliza, vyeti hivyo havikosekani. Sijawahi kumwona mkaguzi akiuliza toleo la programu inayobeba majibu ya damu. Sheria ya Afya ya Kidijitali imeshapitishwa na hospitali zinazidi kuunganishwa na SHA, kwa hiyo pa kuanzia papo: ule ukurasa mmoja uombwe wakati wa kuhuisha leseni, kama linavyoombwa jina la mfamasia. Mwenye hospitali asiyekuwa nao apewe muda wa kuutafuta. Kuutafuta kwenyewe kutamfikisha nyuma ya friji.